Testa Haikuwaka Mkononi Mwake

Sinywi, sivuti, na mchana huo nilikuwa nimekula githeri sahani nzima. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo maswali ya kwanza kila mtu hunitupia nikimsimulia. Halafu huuliza kama nilikuwa na usingizi. Sikuwa na usingizi. Najua mnapenda visa vya usiku wa manane, lakini changu kilitokea mchana, Kambi Muru, Kibera, mvua ikinyesha na watu wakipishana njiani na miavuli yao. Ningefurahi sana mtu anithibitishie kwamba ni uongo. Kikiwa uongo, basi na lile nililolifanya halikufanyika.

Maana si kumwona mfu kunakonitia aibu. Mfu mtu anaweza kumwona bila kosa lake.

Mimi ni fundi wa stima. Sikusomea. Nilijifunza kwa video za simu nikiwa chumbani kwangu Kawangware, nikifungua soketi mbovu na kuzifunga, nikizifungua tena, mpaka jirani akamuuliza mwenye nyumba kama niko sawa kichwani. Kwa kuwa sina cheti, naogopa kukosea kuliko wenye vyeti. Kila kiungo cha waya nakifunga, nakivuta, nakifungua, nakifunga upya. Nikitoka kwa mteja nafika njia panda, nageuka, narudi kuangalia kama kweli nilikaza skrubu. Wateja wengine hunicheka. Wengine hunichoka.

Testa unaijua? Ni ile bisibisi ndogo ya plastiki yenye kitaa ndani ya mpini. Unagusisha ncha kwenye waya, unaweka kidole kwenye chuma cha nyuma, na kama pana stima, kitaa kinawaka. Wengi hawajui kwa nini kinawaka. Kinawaka kwa sababu stima kidogo sana, isiyokuumiza ikiwa testa ni nzima na kavu, inapita ndani yako ikitafuta ardhi. Wewe ndiwe waya wa pili. Bila mtu, taa haiwaki. Tafadhali likumbuke hilo.

Sasa aibu yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka, soketi moja huko Kawangware ilinipiga. Nilikuwa nimezima swichi kubwa, nikaamini, sikupima. Ilinishika mpaka begani, nikaonja ladha ya chuma mdomoni. Tangu siku hiyo mkono wangu wa kulia ukawa unatetemeka kila nikikaribia waya. Nani atampa kazi fundi anayetetemeka? Basi nikajitungia utaratibu. Nikifika kwa mtu, testa nampa yeye. "Shika hapa, mama. Weka kidole nyuma. Mimi nasimama kwa swichi, ikiwaka niambie." Nilisema kwa sauti ya kitaalamu, kana kwamba mafundi wote duniani hufanya hivyo. Na watu waliniamini! Wengine walifurahi kusaidia. Nilimpa mzee mwenye macho mabovu. Nilimpa mama mjamzito. Nikasimama kando, mikono mfukoni, nikiuliza, "Imewaka?"

Mimi huyo huyo ninayerudi kuangalia skrubu.

Mchana huo nilikuwa kwa Odhi, kinyozi wa Kambi Muru. Balbu yake ilikuwa inapepesa, na nilikuwa nimegundua kwamba waya mmoja ulilegea pale inapokaa balbu. Nilikuwa nimezima stima na niko juu ya kiti, nikikaza kwa mara ya tatu.

"Injinia," Odhi akasema, "hiyo skrubu unaifunga ama unaichumbia?"

Wateja waliokuwa wakingoja kunyolewa wakacheka.

"Muachie," mmoja akasema, "labda leo ndiyo siku ya kupeleka mahari."

Nikacheka nao ingawa sikupenda. Hapo ndipo nikasikia sauti ya mwanamke mlangoni.

"Fundi, ukimaliza hapa njoo uniangalilie ukuta. Unauma."

Kwa asiyeishi kwetu nieleze. Nyumba nyingi ni za mabati, na stima ni ile tunayoita sambaza, mtu mmoja anaivuta kutoka kwenye nguzo na kuigawa nyumba hadi nyumba. Waya ukichubuka mahali ukagusa bati, ukuta wote unakuwa na stima. Watu husema ukuta unauma, vile wanavyosema mbwa fulani anauma, na maisha yanaendelea.

"Unauma siku zote?" nikauliza. Sikuinua macho kutoka kwenye skrubu.

"Siku za mvua. Na mtoto wangu ameanza kutembea kwa kushika ukuta."

"Sawa mama, nakuja."

Odhi akaweka mkasi chini. "Unakuja wapi?"

"Kwa huyu mama."

Akautazama mlango, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. "Aki skrubu zimekuingia kichwani."

Nilidhani ni mzaha wake wa kawaida. Wewe ungedhani nini?

Kabla ya kutoka niliijaribu testa. Huwezi kuamini testa ambayo hujaijaribu mahali unapojua stima ipo, maana kitaa kikiwa kimekufa kitakuambia waya ni salama kumbe si salama. Nikairudisha stima, na bila shaka sikuijaribu mimi. Nilimpa mteja mmoja aiguse kwenye soketi ya Odhi. Ikawaka vizuri, rangi ya chungwa. Nikaichukua, nikatoka.

Yule mama alikuwa mbele yangu, lesso mabegani, akitembea kwenye matope miguu mitupu. Hilo nililiona kwa sababu ni jambo la kazi.

"Mama, slipas ziko wapi? Unasema ukuta unauma na unatembea hivyo?"

"Zilibaki mlangoni," akasema bila kugeuka.

Tukafika kwenye safu ya nyumba za mabati, vyumba vimeshikana, ukuta mmoja ukitumiwa na majirani wawili. Nje ya mlango mmoja alikuwa Mama Nekesa, ambaye nilimjua kwa sababu kila fundi na kila mpaka rangi wa Kambi Muru amekula chapati zake. Alikuwa amefunga nailoni juu ya meza kuzuia mvua, anasukuma chapati.

"Fundi, leo umeitwa na nani?"

"Jirani yako," nikasema nikipita.

"Jirani yupi?"

Sikusimama kumjibu. Nilikuwa nikiwaza jinsi ya kumpa yule mama testa.

Mlango wa chumba kilichofuata ulikuwa umefungwa kwa kipande cha waya kwa nje. "Sukuma," akasema. Nikaufungua ule waya, nikasukuma. Ndani kulikuwa giza, hakuna dirisha, hakuna kitanda, hakuna jiko. Palinuka mafuta ya taa ya zamani. Paa lilikuwa likivuja, sakafu imelowa.

"Mnahama, mama?"

"Sijahama."

Hata hilo halikunishtua. Nilikuwa nimesimama kizingitini nikijiandaa kwa ugomvi wa viatu. Kwetu, hata kama nyumba ni chumba kimoja, unavua viatu mlangoni. Ukiingia na viatu umemdharau mwenye nyumba na karpeti yake. Mimi huvaa gamubuti za mpira na kazini sivui, kwa sababu mpira ule ndio unaonitenga na ardhi. Nimewahi kutukanwa kwa ajili hiyo. Nikaanza kusema, "Mama, samahani, viatu vyangu..."

"Usivue," akasema upesi. "Vizuri sana. Usivue."

Hakuna mteja aliyewahi kuniambia hivyo.

Niliona waya umetoka nje, umepita juu ya ukuta kwenye tundu lililotobolewa kwa msumari, ukaingia upande wa Mama Nekesa. Haukuwekewa hata kipande cha mpira wa maji kuuzuia usikatwe na makali ya bati. Fundi yeyote angeuangalia huo kwanza. Niliuangalia kwa mbali. Kisha nikatoa testa, nikampa.

"Shika hapa, mama. Weka kidole nyuma."

Aliitazama kwa muda. Akaichukua.

Humo hamkuwa na swichi yoyote, kwa hiyo sikuwa hata na kisingizio cha kwenda kusimama kwenye swichi. Nilisimama tu mlangoni penye ukavu, nikamulika kwa simu.

"Imewaka?"

"Haijawaka."

"Jaribu huko chini."

"Haijawaka."

"Juu, karibu na ule waya. Mkono usiguse waya."

"Haijawaka, fundi."

Nilimulika kitaa, na kweli kilikuwa giza. Nilimzungusha chumba kizima. Kona, misumari, karibu na mlango. Niamini, nilikaa na mtu yule muda wote huo na singeweza kukuambia ana uso gani. Nilitazama kitaa tu. Na nilipoona hakiwaki moyo wangu ulitulia, si kwa ajili ya mtoto wake. Ulitulia kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha bila mimi kugusa chochote.

"Ukuta uko sawa, mama. Labda ni ile mvua ya juzi."

Hakunirudishia testa.

"Fundi wa kwanza alinipa balbu yenye waya mbili," akasema polepole. "Akaniambia, shika hapa. Nilikuwa nimevua slipas, nimetoka kupanguza karpeti. Wewe naye umenipa. Mbona kila mmoja ananipa mimi?"

Nilitaka kusema ndio utaratibu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yakakataa kutoka.

"Shika wewe," akasema, akaninyooshea testa.

Ikabidi nimtazame. Alikuwa mama wa kawaida, si mzee, uso umechoka vile nyuso za kwetu huchoka. Hakuwa na jeraha, hakuwa na macho ya kutisha. Ila lesso yake ilikuwa kavu. Tulikuwa tumetembea kwenye mvua tangu kwa Odhi, mimi nimelowa mpaka ndani ya shati, na lesso yake ilikuwa kavu kama imetoka sandukuni.

Nikaipokea testa. Mkono ulitetemeka hivi kwamba niliushika kwa mkono mwingine. Nikaikausha kwa shati la ndani, nikaweka kidole nyuma, nikapeleka ncha kwenye bati.

Kitaa kiliwaka mara moja. Kiliwaka kuliko kilivyowaka kwa Odhi. Nikajaribu chini, kikawaka. Kwenye kona, kikawaka. Kila mahali alipokuwa amesema haijawaka, kwangu iliwaka.

Naye akaweka kiganja chake kizima kwenye bati lile, miguu mitupu kwenye maji yaliyovuja, akanitazama. Hakuna kilichomtokea.

Nililielewa polepole. Testa haikuwa mbovu. Ukuta ulikuwa na stima. Basi kilichokosekana ni nini? Nimekuambia mapema. Bila mtu, taa haiwaki.

Kisha nikasikia upande wa pili wa ukuta. Pa. Pa. Pa. Kiganja kidogo kikipiga, kikisogea, kikipiga tena. Mtoto akitembea kwa kushika ukuta. Na kiganja cha yule mama kikaanza kusogea upande huu, sambamba na kile cha pili, taratibu, kuelekea mlangoni.

"Boksi zinaishia karibu na mlango," akasema. Sauti yake haikuwa ya mzimu. Ilikuwa sauti ya mama anayeona mtoto anakaribia jiko.

Nilijua anachosema. Watu hubandika maboksi ya karatasi ndani ya ukuta kuzuia baridi, na maboksi makavu huzuia stima pia. Pale maboksi yanapoishia, ni bati tupu.

Nilikimbia. Acha niliseme lilivyo. Sikukimbia kumwokoa mtoto. Nilikuwa nikimkimbia yule mama. Nilitupa testa, nikatoka nje, na kama njia ingekuwa wazi sijui kama ningesimama kabla ya Kawangware. Lakini mbele yangu kulikuwa na meza ya chapati na Mama Nekesa amesimama nyuma yake, na kelele ikanitoka yenyewe.

"Mtoto! Ukuta! Mtoto!"

Basi. Hayo tu. Mimi ninayejua kila tahadhari kwa moyo, sikusema usiguse bati. Yeye alisikia mtoto. Akatupa donge la unga, akakimbilia mlangoni kwake. Kizingiti chake kiliinuliwa kuzuia maji ya mvua, na ili kukiruka alishika bati la mlango kwa mkono wa kulia, vile alivyokuwa akilishika kila siku.

Stima ikamshika. Hakupiga kelele. Alisimama tu, mdomo wazi, mwili ukitetemeka, vidole vimejikunja kwenye bati. Stima hufanya hivyo, inakunja vidole. Ndiyo maana nikikwambia ukilazimika kugusa kitu usichokiamini, tumia mgongo wa mkono. Mgongo wa mkono ukipigwa unarudi nyuma wenyewe. Kiganja kinashika.

Nilikuwa nimetazama video nyingi kuhusu hilo. Usimguse aliyeshikwa, nawe utashikwa. Zima swichi. Swichi haipo? Tafuta mti mkavu. Kile kijiti cha kusukuma chapati kilikuwa mezani chini ya nailoni, kikavu, kina unga. Nikakichukua, nikampiga mkononi. Haukuachia. Nikampiga tena kwa nguvu zangu zote, na nikasikia mfupa. Akaanguka nyuma kwenye matope.

Watu wakaanza kuja mbio, Odhi akiwa miongoni mwao. Nikaruka kizingiti bila kugusa mlango.

Mtoto alikuwa ameketi chini, palepale maboksi yanapoishia. Msichana, hata meno hayajajaa mdomoni. Bati tupu lilikuwa karibu naye kiasi cha kulifikia akinyoosha mkono. Na mkono mmoja alikuwa ameunyoosha, lakini si kuelekea kwenye bati. Aliuinua juu, kama anavyoinua mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mzima aliyesimama. Alikuwa akitazama juu na kucheka.

Nikambeba. Nakuapia, ule mkono haukuja mara moja. Nilihisi mvuto mdogo. Kisha akaachiliwa.

Nilimpa Odhi mtoto, nikapiga kelele watu wakae mbali na mabati, na kwa kile kile kijiti nikausukuma waya ukatoka kwenye makali ya tundu. Mtu akaenda kumwita kijana anayesambaza ile laini, naye akaikata kwenye nguzo. Nikarudi mle ndani kutafuta testa yangu. Hamkuwa na mtu. Niliikuta sakafuni, nikaikausha, nikaenda kuijaribu kwenye laini nyingine, nikarudi kupima ukuta, peke yangu, mkono ukitetemeka mbele ya watu wote. Haikuwaka. Nikaenda tena kuijaribu. Iliwaka. Ukuta ulikuwa umekufa.

Mama Nekesa alikuwa ameketi juu ya ndoo, mkono wake umevimba, analia na kucheka.

"Mwanangu, umeniokoa. Umetuokoa mimi na mtoto."

"Amekupiga kama ngoma ya harusi, mathe," Odhi akasema, "lakini amekuokoa. Injinia wetu!"

Watu wakacheka, wakanipiga mgongoni. Mmoja akauliza nilijuaje kwamba ukuta una stima. Nikasema, "Nilipima."

"Mnaona?" Odhi akawaambia. "Hakuitwa na mtu. Ametoka kwangu tu akasema anaenda kwa mama fulani. Nikamcheka!"

Nikamgeukia Mama Nekesa. "Na yule jirani yako? Yule mama wa lesso, anayetembea bila slipas?"

Akaacha kulia na kucheka.

"Hiyo nyumba haina mtu," akasema. "Tangu mama ya huyu mtoto afe humo. Mama Mwende, mtu wa Kitui. Fundi alimwambia amshikie balbu ya kupimia, naye alikuwa amevua slipas mlangoni. Mtoto nikamchukua mimi, baba yake yuko Machakos kazini. Slipas zenyewe ziko kwangu chini ya kitanda. Nani alikuambia habari za slipas?"

Huo ndio wakati wangu wa kusema. Watu wote walikuwa hapo. Ningeweza kusema, nimekutana naye, nami nimemfanyia vilevile alivyofanyiwa na yule fundi. Nikasema, "Sijui. Nimesikia tu watu wakisema."

Tulipoenda na Odhi kuufunga ule mlango, alimulika ukuta kwa simu. Bati lilikuwa limejaa vumbi na masizi, ila mstari mmoja uliopanguzwa, mpana kama kiganja, ulitoka katikati ya ukuta ukaenda moja kwa moja mpaka mlangoni. Odhi akauliza, "Hapa ulipangusa na nini?" Nikatangulia kutoka nje.

Vidole viwili vya Mama Nekesa havikurudi sawa. Hospitali walivifunga, vikapona vikiwa vimepinda, na havikunjiki. Kusukuma chapati kunataka vidole. Kila Jumamosi asubuhi natoka Kawangware nakwenda kumsukumia. Zangu hazitoki duara, nazirudia na kuzirudia, naye ananicheka. "Hii ni chapati ama ni ramani ya Kitui? Weka kwa moto, watu wana njaa!" Wateja huniambia nina roho nzuri. Yule mtoto, Mwende, sasa anatembea bila kushika kitu, akivuta slipas za mama yake zilizo kubwa kama mitumbwi miguuni mwake. Mimi nainamia unga, sitaki aniangalie. Akinitazama mara nyingine huangalia kando yangu pia, kana kwamba nimekuja na mtu.

Testa sasa nashika mwenyewe. Mkono bado unatetemeka, nami nimeacha kuuficha. Na kuna hili jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku nyingine naweka ncha kwenye waya ambao najua una stima, naweka kidole nyuma, na kitaa kinakawia. Kinakawia kidogo tu. Nami nasimama pale, nikisubiri kinijulishe kama nipo.

Kwa hiyo nisikilize. Ukuta ukikuuma hata kidogo, hata mara moja, hata siku ya mvua tu, hiyo ni stima inatafuta njia. Watoe watoto, usianike nguo kwenye waya wa chuma uliofungwa hapo, na laini ikatwe kabla mtu yeyote hajagusa. Palipo na waya unaopita kwenye bati, pawekwe mpira. Usivue slipas zako kwa heshima ya mtu yeyote, hata kama karpeti ni mpya. Na fundi akija kwako akakwambia, "Shika hapa," mrudishie kifaa chake. Mwambie ashike yeye. Akikwambia ndio utaratibu, anadanganya, nami najua anavyodanganya kwa sababu sauti ile niliitunga mwenyewe.

Odhi, najua husoma visa kama hivi kwa simu ukiwasomea wateja. Ukifika hapa, zima mashine. Huyo mama aliniita kutoka mlangoni kwako, nawe hukumwona. Nenda ukamwite Mama Nekesa, mkalishe chini, umsomee tangu mwanzo. Mwambie sikuja kumwokoa mtoto. Nilikuwa nikikimbia. Na mwambie Jumamosi nitakuja kama kawaida, na akiona ni bora nisiguse tena unga wake, aniambie yeye mwenyewe, asimtume mtu.